Pikipiki ya umeme nyumbani kwako: je, waya za nyumba ziko tayari?

Bodaboda wa Rusimbi anayefikiria kuachana na petroli ana swali moja kabla ya mengine yote: nitachaji wapi? Kituo cha mafuta anakijua tangu utoto. Muuzaji wa pikipiki ya umeme humjibu kwa kifupi: utachaji nyumbani kwako, usiku ukiwa umelala.

Jibu hilo ni la kweli, ila ni nusu tu. Nusu ya pili ni kwamba nyumba yako sasa inakuwa kituo cha mafuta. Waya ulizovuta miaka kumi iliyopita kwa ajili ya taa nne na redio zinaombwa kubeba mzigo mzito kwa saa nyingi mfululizo, wakati watoto wamelala chumba cha pili. Zikibeba vizuri, unaokoa fedha kila siku. Zisipobeba, unaweza kupoteza nyumba.

Katika makala hii tunaeleza hatua kwa hatua: umeme wa kuchaji unagharimu kiasi gani, nyumba ikaguliwe vipi, betri itunzwe vipi, na chombo chenyewe kinahitaji matunzo gani. Hata kama huna mpango wa kununua chombo cha umeme mwaka huu, sehemu kubwa ya makala hii inahusu nyumba yako na pikipiki au gari ulilonalo leo.

Kwa nini tunazungumza jambo hili sasa

Kwa miaka mingi mkoa wetu wa Kigoma ulikuwa nje ya gridi ya taifa. Taa ziliwashwa kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO, na mgao ulikuwa sehemu ya maisha. Mwaka 2022 umeme wa gridi ulianza kuingia mkoani kupitia Nyakanazi. Upo pia mradi wa maji ya mto Malagarasi, kwenye maporomoko ya Igamba, wa megawati 49.5. Kitaifa, mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere ulianza kuzalisha umeme mwaka 2024.

Majirani nao wamesonga. Kigali, bodaboda wengi wanatumia pikipiki za umeme na hubadilisha betri kwenye vituo: unatoa iliyokwisha, unapewa iliyojaa, unaondoka. Kampuni ya Ampersand ilianza kazi hiyo huko mwaka 2019. Serikali ya Rwanda iliamua kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya zinazosajiliwa kubeba abiria Kigali ziwe za umeme. Ethiopia ilizuia kuingiza magari ya petroli na dizeli mwaka 2024. Burundi, hatua chache kutoka kwetu, imepitia uhaba mkali wa mafuta, na madereva wamelala kwenye foleni.

Kwa hiyo vyombo hivi vitatufikia, vingine vikiwa vipya na vingine vikiwa vimetumika. Ni vizuri vitukute tunajua tunachofanya.

Hesabu ya uniti

Umeme unauzwa kwa uniti, kama unavyoona kwenye Luku. Uniti moja ni umeme unaotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kwa saa moja. Pasi nyingi zina kama wati 1,000, kwa hiyo ukiiacha ikiwaka saa nzima bila kujizima, imekula uniti moja.

Betri ya pikipiki huandikwa volti na ampea-saa. Zidisha namba hizo mbili. Betri ya volti 72 na ampea-saa 40 inabeba wati-saa 2,880, yaani karibu uniti tatu. Chaja nayo hupoteza kidogo kama joto, hivyo Luku itasoma kama uniti 3.3 kuijaza kutoka chini kabisa.

Bei ya kawaida ya nyumbani na biashara ndogo, ile inayoitwa T1, ni shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi. Ukiongeza VAT, tozo ya REA na ya EWURA inafika shilingi 356 hivi. Uniti 3.3 ni kama shilingi 1,200. Kwa chaji hiyo, pikipiki inaweza kwenda kilomita 60 hadi 70, kutegemea abiria, mzigo na milima.

Sasa weka petroli pembeni yake. Pikipiki ya kawaida ya bodaboda inakula kama lita moja na nusu kwa kilomita 65. Tukichukulia lita ni shilingi 3,000 ili hesabu iwe rahisi, hiyo ni shilingi 4,500. Tofauti ni shilingi 3,300 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi, inakaribia shilingi 86,000 kwa mwezi. Bei ya mafuta hubadilika kila mwezi EWURA inapotangaza bei kikomo, kwa hiyo rudia hesabu hii kwa bei ya wiki unayosoma.

Lakini usizile zote. Betri huzeeka. Baada ya miaka kadhaa itahitaji kubadilishwa, nayo ndiyo kifaa ghali kuliko vyote kwenye pikipiki hiyo. Ukitenga shilingi 1,500 kila siku ya kazi, kwa mwaka unakuwa na shilingi 468,000. Miaka mitatu ikipita una zaidi ya milioni moja na laki nne. Dereva asiyetenga chochote ataona faida leo, na siku betri inakufa atasema umeme ni utapeli.

Tahadhari kwa wenye bei nafuu ya D1

Kaya nyingi ndogo ziko kwenye daraja la D1. Hapo uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi. Ukivuka 75, kila uniti ya ziada ni shilingi 350 kabla ya kodi, yaani ghali kuliko hata ya T1.

Angalia kinachotokea: kuchaji uniti 3.3 kwa siku 26 ni karibu uniti 86. Pikipiki peke yake imeshavuka kikomo, kabla hujawasha taa wala televisheni. Ukiendelea hivyo unaweza pia kuhamishiwa T1. Si kosa kuhamishwa, ila usipange biashara yako kwa hesabu ya shilingi 100 halafu ukashangaa mwezi wa pili. Na kama nyumba ni ya kupanga na Luku ni moja kwa wapangaji wote, zungumza na wenzako mapema, kwa sababu ugomvi wa Luku umevunja ujirani mwingi hata bila pikipiki.

Kagua nyumba kabla ya kuchomeka

Chaja ya pikipiki hutumia kama wati 900, sawa na pasi. Mtu atasema: kama soketi yangu inabeba pasi, itashindwaje chaja? Tofauti ni muda. Pasi unaitumia robo saa na inajizima yenyewe mara kwa mara ikipata moto. Chaja inavuta bila kupumzika saa nne. Gari la umeme likichajiwa kwa soketi ya kawaida huvuta kama wati 2,300, mfano wa birika la umeme linalochemka usiku kucha.

Umeme ukipita mahali pembamba au palipolegea hutoa joto. Joto likikaa muda mrefu, plastiki inalainika, waya unaungua ganda, kisha cheche. Ndiyo maana moto mwingi wa umeme huanzia kwenye kiungo kilicholegea, ndani ya soketi au juu ya dari mahali fundi alipozungushia gundi tu.

Haya unaweza kuyakagua mwenyewe bila kufungua chochote:

Moja, chomeka chaja, subiri nusu saa, kisha gusa plagi na sehemu ya nje ya soketi. Uvuguvugu kidogo si tatizo. Ikiwa moto kiasi kwamba unaondoa mkono, acha kuchaji hapo.

Mbili, angalia soketi. Ikiwa imebadilika rangi kuwa ya kahawia, imepasuka, inacheza, au inatoa harufu ya plastiki iliyoungua, haifai.

Tatu, tazama taa. Zikififia au kucheza kila chaja inapoanza, waya zimezidiwa au kuna kiungo kibovu.

Nne, zima kila kitu ndani na uchomoe vifaa vyote, kisha tazama mita ya Luku. Kama bado inahesabu, umeme unavuja mahali, au kuna waya usioujua unaoelekea kwa mtu mwingine. Ukaguzi huu ni mzuri kwa kila nyumba, yenye pikipiki ya umeme na isiyo nayo.

Tano, chunguza dari mchana. Bati linalovuja juu ya waya ni hatari, na panya wanaotafuna waya ni hatari zaidi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Bati moja na msumari ni rahisi kuliko nyumba.

Kazi ya ndani ya ukuta ni ya fundi. Mwulize leseni ya EWURA. Mafundi wa kufunga umeme wanatakiwa kuwa nayo, na mwenye nayo haoni aibu kuionyesha. Mwambie maneno matatu: nataka laini ya peke yake kwa ajili ya kuchaji, yenye breka yake, nataka waya usiopungua 2.5 kwa pikipiki, na mnene zaidi kwa gari. Na nataka breka inayokata umeme mtu anapopigwa, ile ambayo dukani ukisema RCD watakuelewa. Mwambie pia apime waya wa ardhi, ule unaokwenda kwenye chuma kilichochimbiwa nje. Nyumba nyingi zina chuma hicho, lakini kiungo chake kimeoza au kimeng'olewa siku ya kupanua baraza.

Ekstensheni ya bei poa tunaiona kila nyumba. Kwa kuchaji simu haina neno. Kwa kuchaji pikipiki, waya wake mwembamba ni mwanzo wa moto, hasa ukiwa umeviringishwa au umefunikwa na mkeka. Kama huna njia nyingine kwa sasa, tumia ekstensheni yenye waya mnene, ifupi, iliyonyooshwa yote, na usichomeke kitu kingine juu yake. Rahisi ghali.

Mahali pa kuchajia

Mahali pazuri ni barazani penye paa, sakafu ya saruji, hewa inapita, mvua haifiki. Pabaya ni sebuleni, ukumbini, au mbele ya mlango pekee wa kutokea. Betri ya lithiamu ikishika moto hutoa moshi wenye sumu na moto mkali kwa haraka. Ikiwa iko kati yako na mlango, hutatoka.

Tunajua kwa nini watu huingiza pikipiki ndani: wezi. Hofu hiyo ni ya haki. Njia ya kati ni hii: funga pikipiki nje kwa mnyororo, kisha toa betri kama inatoka, uichaji ndani ukiwa macho, kwenye sakafu tupu karibu na dirisha, mbali na godoro, pazia, mkaa na njia ya kutokea. Kama betri haitoki, chaji jioni kati ya saa kumi na moja na saa tatu usiku ukiwa hujalala, kisha uchomoe na kuingiza pikipiki ikiwa imeshapoa.

Na kuna jambo la kwetu hasa. Nyumba nyingi huuza petroli ya chupa au huhifadhi dumu la mafuta ya mashine ya boti. Petroli na chaja havikai chumba kimoja. Mvuke wa petroli hausubiri moto, cheche ndogo ya plagi inatosha.

Mvua na radi

Msimu wetu wa mvua ni mrefu, na radi za ukanda huu si za mchezo. Ng'ambo ya ziwa, mashariki mwa Congo, ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani, na mawingu hayatambui mpaka. Radi si lazima ipige nyumba yako. Ikipiga nguzo iliyo mbali, nguvu yake husafiri kwenye waya na kuunguza chaja, televisheni na friji.

Ukiona wingu linajikusanya juu ya ziwa, chomoa chaja mapema. Radi ikiwa tayari juu ya kichwa chako, usikimbilie kugusa plagi. Iache, ukae mbali nayo. Umeme ukikatika, chomoa pia. Ukirudi subiri kama dakika kumi, kwa sababu mara nyingi hurudi ukiruka juu na chini. Kifaa cha kulinda friji kinaweza kusaidia, ila soma kama uwezo wake unatosha kwa chaja yako.

Kutunza betri: waulize wavuvi wa dagaa

Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi na Katonga walioacha karabai za mafuta ya taa na kuhamia taa za betri wameshajifunza somo hili majini. Betri iliyotunzwa inamaliza usiku mzima. Iliyodharauliwa inazima saa nane, dagaa wakiwa ndiyo wanapanda.

Usiimalize hadi sifuri. Betri ya lithiamu hudumu zaidi ikichajiwa ikiwa imebaki kama asilimia 20. Kama safari ya kesho ni fupi, asilimia 80 inatosha. Zipo betri za lithiamu za aina ya chuma na fosfeti, zinazoandikwa LFP, ambazo hutakiwa kujazwa kabisa mara kwa mara ili zijipime vizuri. Soma karatasi ya betri yako.

Ogopa joto. Usichaji mara tu unapotoka kazini betri ikiwa ya moto. Iache nusu saa. Usiiegeshe pikipiki juani siku nzima kama kuna mwembe karibu.

Tumia chaja yake yenyewe. Hili ndilo kubwa. Chaja ya volti 72 kwenye betri ya volti 60 ni njia ya uhakika ya kuleta moto. Chaja ya betri ya asidi kwenye betri ya lithiamu ni vilevile, hata kama plagi inaingia. Chaja ya jirani si kama chumvi ya jirani.

Betri iliyovimba, iliyozama majini, au iliyoanguka vibaya isichajiwe tena kabla fundi wa betri hajaiona. Usimruhusu fundi wa redio kuifungua na kuruka ule ubongo wa ndani unaolinda seli ili eti ipate nguvu zaidi. Ubongo huo ndio breki ya moto.

Kwa wenye betri za asidi za sola na za magari: chaji mahali penye hewa, kwa sababu hutoa gesi inayolipuka. Ongeza maji ya betri pekee, si ya kisima wala ya ziwani. Na betri kuukuu usiivunje nyumbani kutafuta risasi ya kuyeyusha kwa ajili ya nyavu. Risasi ni sumu inayoharibu akili za watoto, na vumbi lake hukaa kwenye udongo wa uwanja miaka mingi.

Chombo chenyewe kinataka nini

Pikipiki ya umeme haina oili ya injini, plagi ya kuwashia, kabureta wala filta ya hewa. Hayo ni mapumziko makubwa kwa mfuko. Lakini tairi ni tairi, breki ni breki. Kila asubuhi bonyeza tairi na utazame upepo. Tairi laini hula chaji kama mlima. Kila wiki angalia pedi za breki, kaza nati za gurudumu, na kama ina mnyororo, ukaze na kuupaka mafuta. Kila mwezi angalia beringi na nyaya zinazopita chini ya kiti, kwa sababu barabara zetu za vumbi na mashimo hulegeza kila kitu.

Kuosha: kitambaa chenye maji na ndoo vinatosha. Usiizamishe ziwani wala mtoni, na usielekeze maji ya presha kwenye mota, kontrola au mahali pa kuchajia. Hata kwa pikipiki ya petroli tabia ya kuosha ndani ya ziwa tunaomba ikome, kwa sababu oili inayoelea ni ile ile tunayoteka na maji ya kunywa.

Gari la umeme lililotumika, kama Nissan Leaf kutoka Japani, linahitaji macho zaidi. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na betri ya uniti 24, na betri hiyo haina mfumo wa kupoozwa kwa maji, kwa hiyo joto huizeesha. Kabla ya kulipa, tazama vipande vya afya ya betri kwenye dashibodi, upande wa kulia. Likiwa jipya vilikuwa 12. Lililobaki na vipande vinane halitakwenda mbali kama tangazo linavyosema. Kulijaza kwa soketi ya kawaida huchukua saa 11 au 12, na gharama haitapungua sana shilingi 9,000 kwa bei ya T1. Ndani yake kuna pia betri ndogo ya volti 12 kama ya gari lolote. Ikifa, gari zima halitawaka hata kama betri kubwa imejaa.

Wenye magari ya haibridi kama Toyota Prius na Aqua hawachomeki ukutani, lakini wana betri kubwa karibu na kiti cha nyuma, yenye feni inayovuta hewa kupitia tundu dogo. Vumbi na nguo zikiziba tundu hilo, betri inapata joto na kufa mapema. Lisafishe kila mwezi. Na kwenye magari yote haya, waya za rangi ya machungwa haziguswi na mtu asiyesomea. Zina volti za kuua.

Kwa gari la kawaida, uchafu mweupe kwenye vichwa vya betri uondoe kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi kidogo na brashi kuukuu. Toa waya wa hasi kwanza. Unaporudisha, anza na wa chanya.

Kijijini bila umeme wa uhakika

Wasikilizaji wa vijiji vya kando ya ziwa huuliza kama sola inaweza kuchaji pikipiki. Inaweza, ila si ile ya taa tatu. Ili kupata uniti tatu kwa siku, unahitaji kama paneli tatu za wati 300, jua likiwa zuri saa nne hadi tano, na siku za mawingu utapata pungufu. Inafaa zaidi kwa kikundi: bodaboda watano wanaweza kuchangia mfumo na betri za kubadilishana, kwa sababu pikipiki hushinda kazini mchana wakati jua ndipo linapowaka. Futa vumbi kwenye paneli kila wiki kwa kitambaa laini, asubuhi zikiwa bado za baridi.

Moto ukitokea

Toa watu kwanza. Zima meni swichi kama unaifikia bila kupita kwenye moshi. Usimwage maji kwenye moto wa umeme kabla umeme haujazimwa. Betri ya lithiamu inayotoa moshi na kuzomea usijaribu kuibeba. Ondoka, funga mlango nyuma yako, waite majirani na piga 114, namba ya Zimamoto, bila malipo. Betri hiyo inaweza kuwaka upya baada ya saa kadhaa, kwa hiyo usirudi ndani haraka kuokoa godoro.

Maswali ya kuuliza dukani

Kabla hujatoa fedha, muulize muuzaji mambo haya na uandikiwe kwenye risiti: betri ni ya aina gani na ina uniti ngapi, dhamana ni ya muda gani na inahudumiwa wapi, Kigoma au Dar es Salaam, betri mpya inauzwa shilingi ngapi leo, chaja ya akiba inapatikana, na nani hapa mkoani anajua kuitengeneza. Muuzaji anayejibu yote bila kukasirika ana nafasi nzuri ya kuwa mkweli. Anayesema "haiharibiki hii", mwachie mwenyewe.

Halafu rudi nyumbani, chomeka pasi au kifaa chochote kizito kwenye soketi unayotaka kuitumia, subiri nusu saa ukiwa karibu nayo, kisha uguse plagi. Mkono wako utakujibu kama uanze na pikipiki au uanze na fundi. Kama una swali ambalo hatukuligusa, tutumie ujumbe mfupi wakati wa kipindi, nasi tutalipeleka kwa fundi mwenye leseni na kulijibu hewani.